Mlolongo wa Wakwe

Sehemu tunayoishi, nje kidogo ya Kitengela ukielekea Isinya, ni kisiwa kisicho na maji. Upande mmoja kuna ukuta wa estate, upande wa pili kuna ukuta wa estate nyingine yenye lango la simba wawili wa saruji, nyuma kuna machimbo ya mawe na mbele ni barabara. Katikati tumebaki sisi: maboma ya Wamaasai waliokataa kuuza, nyumba za kupangisha za wale waliouza nusu, na wachache kama mimi tulioingia kwa mlango wa ndoa. Tuna makanisa mengi kuliko tunavyohitaji, duka la dawa za mifugo, na kisima kimoja cha umma. Kisima hicho kina kamati, na muda wa kamati ukiisha, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote huchaguliwa siku moja. Watu wa kwetu wanauita uchaguzi mkuu, na hawatabasamu wakisema hivyo. Ule wa taifa pia tunapiga kura, lakini ule ni wa kuchagua watu wa mbali. Huu wetu ni wa maji.

Mimi ni fundi wa lifti. Kila asubuhi naenda Nairobi kupandisha na kushusha watu ambao hawajui kwamba nipo, na jioni narudi kwenye vumbi langu nikiwa na furaha. Kwetu ni magharibi, kwenye mvua. Mke wangu ni wa hapa, mzaliwa wa boma lililo karibu kabisa na kisima, na mama yake ndiye aliyenifanya niandike haya.

Mama mkwe ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ana mabinti wengi, na wote waliolewa karibu, jambo ambalo wengine wanalisifu na mimi nalionea huruma. Siku ya posa, kila mkwe humpelekea kondoo jike, na kuanzia hapo mkwe na mama mkwe huitana Paker, yaani watu waliounganishwa na kondoo huyo. Baada ya kuitana hivyo, wanaanza kukimbiana. Humpi mkono. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja anaona ghafla jambo la maana sana kichakani na kulifuata. Nilipoelezwa haya mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu kwetu magharibi ni hivyo hivyo. Makabila yetu mawili hayakuwahi kukaa kikao kimoja, na bado yalikubaliana kwamba mama mkwe ni wa kuogopwa.

Kwa hiyo miaka yote hii tumependana kwa mbali. Ananisalimu kupitia kwa mke wangu. Namjibu kupitia kwa mke wangu. Aliposikia nimepandishwa cheo kazini, alituma maziwa na ujumbe kwamba sasa nipunguze kuongea. Sijui nani alimwambia kwamba naongea sana, ila nina binti yake nyumbani, na mwenye macho haambiwi tazama.

Mwaka mmoja, muda wa kamati ulipoisha, alitangaza kwamba anataka kiti cha mwenyekiti wa kisima. Hajawahi kugombea kitu chochote, hata uongozi wa akina mama kanisani. Kilichomwamsha ni hodhi. Kando ya kisima kuna hodhi refu la saruji ambamo ng'ombe, mbuzi na punda wa maboma yote hunywea. Mzee mmoja mstaafu, mwenye nyumba za ghorofa za kupangisha pale kwetu, alikuwa akigombea kiti hicho hicho kwa ahadi ya mabomba. Kila nyumba ingepata mfereji wake ndani. Ahadi tamu, nami sikatai kwamba nilimeza mate. Lakini mfereji kila nyumba maana yake ni kwamba maji ya hodhi yangefungwa, kwa kuwa kisima hakina nguvu ya yote mawili mchana. Hodhi likifungwa, mifugo ingetembezwa hadi mtoni, na mto wetu una maji wakati wa mvua, wakati ambao huna haja nayo.

Mama mkwe alifanya kampeni fupi. Alizunguka boma kwa boma akiwa na fimbo yake, akasema jambo moja tu, na likarudiwa hadi na watoto wa shule.

“Bomba haina shida. Hata mimi nataka bomba. Lakini ng'ombe haijui kufungua tap.”

Mzee wa ghorofa hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, hadithi ingekuwa rahisi. Alikuwa mcheshi, mkarimu, wa rika moja na marehemu baba mkwe, na kila mpangaji wake alimpenda isipokuwa mwisho wa mwezi. Aliamini kwa moyo wote kwamba ng'ombe wana mwisho wao Kitengela na kwamba ni heshima kuwaaga mapema. Wengi waliamini pamoja naye. Mmoja wao, kwa aibu ya familia nzima, alikuwa mkwe mwenzangu, mume wa dada ya mke wangu. Yeye huendesha lori la maji, na mzee alikuwa amemwahidi kazi ya kudumu kwenye mradi wa mabomba. Nyumbani kwake hawakuwa wakiongea naye. Chai alikuwa anapewa, lakini bila sukari.

Sasa nije kwenye kosa letu, kosa ambalo nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Uchaguzi uliotangulia ulikuwa wa karatasi, na ukaacha manung'uniko kwamba karatasi zilizaana ndani ya sanduku. Kwa hiyo mkutano ulipoitishwa kuamua njia, watu wote walitaka mlolongo: unayemtaka, simama nyuma yake, jua likuone. Mama mkwe ndiye aliyeshangilia zaidi. Kwa sauti yake ya kuita ng'ombe alisema anayemtaka na asimame amwone. Tukapiga makofi. Wakwe zake wote tulikuwepo, tumekaa mbali kama desturi, tukapiga makofi kuliko watu wote. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni mkwe gani atakayesimama nyuma ya mama mkwe akaonekana.

Siku ilipofika kulikuwa na upepo na jua zuri. Naibu wa chifu alifika mapema, na kutoka ofisi ya maji Kajiado akaja afisa mmoja msichana, mwenye viatu vyeupe na kipaza sauti cha mkononi. Alitusalimu kwa Kimaasai, akajibiwa kwa shangwe, na kuanzia hapo tukampenda. Akaeleza masharti mawili. La kwanza, kila mgombea atatembea naye kwenye mlolongo wake mwenyewe, akimgusa kila mtu bega, ili athibitishe kwamba ni mtu wa kisima hiki na si wa kukodishwa mjini. La pili, atakayetoka kwenye mlolongo kabla ya kuguswa, kura yake imepotea. Akauliza kama tumeelewa. Tukasema ndiyo kwa pamoja, kama watu wasio na akili.

Milolongo miwili ilinyooshwa sambamba na ua wa kisima. Mbele ya wetu alisimama mama mkwe, fimbo mkononi. Nyuma yake wanawake, kisha wazee wa rika la mumewe, kisha vijana wasio na wake, na mkiani kabisa, baada ya nafasi ya heshima, tukajipanga wakwe. Hatukuwa wachache. Kuna waliooa mabinti zake, na kuna marafiki wa rika lao ambao kwa adabu nao hujihesabu wakwe. Nilikuwa kati yao, nimevaa koti la kazini, nikiwa na fahari. Nikachungulia mlolongo wa pili. Ulikuwa mrefu kama wetu, labda mrefu zaidi kwa kichwa kimoja. Karibu na katikati nikamwona mkwe mwenzangu wa lori, kofia imeshushwa hadi puani.

Afisa akaanza na wetu. Mama mkwe akageuka, akaanza kutembea naye, akigusa mabega. Wanawake wakacheka, wazee wakatania, kila kitu kikaenda vizuri. Akawamaliza vijana. Akaja kwetu.

Sikupanga kukimbia. Mimi ni mtu niliyesoma, nimening'inia kwenye kamba ndani ya shimo la lifti ghorofa ya kumi na mbili nikila mkate. Lakini nilipoona ule mkono mrefu mkavu unakuja kugusa bega langu, miguu ilifanya uamuzi bila kunishirikisha. Nilijikuta nyuma ya tangi la maji. Nilipotazama kulia na kushoto, nilikuwa na wenzangu wote. Mwalimu mkuu alikuwepo. Mchungaji alikuwepo, anahema. Fundi pikipiki mmoja mnene alikuwa ameruka ua, na hadi leo hakuna anayeelewa aliruka vipi.

Kicheko kilichopigwa siku ile kilisikika hadi kwa simba wa saruji. Mzee wa ghorofa alicheka hadi akashikwa na naibu wa chifu asianguke. Afisa peke yake hakucheka. Aliutazama mkia wa mlolongo uliotoweka, akatazama karatasi yake, akasema kwa masikitiko kwamba masharti ni masharti, hao wote kura zao zimepotea.

Hapo kicheko kilikatika upande wetu. Nilimwona mke wangu ameshika kichwa. Ng'ombe wa boma la mama yake walikuwa hodhini wakati huo huo, wanakunywa, hawana habari. Niliwaza kwamba adabu yetu wenyewe imewanyima maji. Niliona aibu, na nikaona hasira pia, nisijue nimkasirikie nani.

Naibu wa chifu, ambaye ni mtu wa hapa na ana mama mkwe wake mwenyewe, alimvuta afisa kando akamweleza. Afisa alisikiliza, akauma kalamu. Akauliza kama kuna njia ambayo haivunji mila wala masharti. Watu wakaanza kupendekeza wote kwa pamoja, na kwetu hiyo ndiyo njia ya kutosikia pendekezo lolote. Ni mama mkwe aliyepata njia. Alikuwa amesimama pale pale, amegeukia pembeni ili tusionane.

“Huyu mzee anajua watu yangu yote,” alimwambia afisa. “Wengine ni wapangaji wake. Acha yeye atembee kwa mlolongo yangu. Mimi nitatembea kwa yake.”

Afisa akaona ni haki. Mzee wa ghorofa akaona ni haki, akasema hana cha kuficha. Umati ukakubali. Tukarudishwa kwenye mlolongo tukiwa na vumbi magotini, tukapangwa upya, na mzee akapita akitugusa mmoja mmoja na kututania. Bega langu alilipiga kwa nguvu, akaniuliza kama lifti za Nairobi nazo hukimbia hivyo. Nilisimama wima. Akafika mwisho, akatangaza kwa sauti kwamba hawa wote ni watu halali, na tukampigia makofi kwa sababu alistahili.

Kisha ikawa zamu ya mama mkwe, naye akageukia mlolongo wa mzee. Ndipo tukaona lile ambalo hakuna aliyekuwa ameliona, mzee akiwemo. Wakwe hawakuwa upande wetu tu. Pale kwenye mlolongo wa mabomba, toka katikati hadi mkiani, kulikuwa na wakwe zake wa kutosha, wa ndoa na wa rika. Na masharti ni masharti: atakayetoka kabla ya kuguswa, kura yake imepotea.

Alianza kutembea. Aligusa wapangaji, akagusa wenye maduka, akagusa kijana wa kuuza kuku. Kule mbele yake mkwe mwenzangu wa lori alikuwa ameanza kuchezacheza kama mtu aliyekanyaga siafu. Wa nyuma yake naye alikuwa ameweka mguu mmoja nje. Mzee wa ghorofa hakucheka tena. Mke wangu alinitazama toka mstari wa wanawake, na najua tulifikiri jambo moja: hatua chache tu, mama, tembea tu, hodhi ni lako. Nilimwomba Mungu amsukume. Mchungaji aliyekuwa mbele yangu, nina hakika, alikuwa akiomba hivyo hivyo.

Mama mkwe akasimama.

Alisimama kabla ya kumfikia mkwe wa kwanza, kwa umbali wa heshima, ule ule ambao angeuacha njiani. Akavuta shuka yake akafunika kichwa, akageuka akatazama upande wa machimbo.

“Hawa waache hapo walipo,” alisema. “Hesabu wewe mwenyewe. Mimi nimeshawajua.”

Afisa aliuliza kama ana uhakika. Mama mkwe aliendelea kutazama machimbo. Basi afisa akaendelea peke yake, akigusa mabega, na mimi nikaanza kuwahesabu ng'ombe waliokuwa hodhini kama mtu anayewaaga. Maana mlolongo wao ulikuwa umezidi wetu. Mtu yeyote aliyekuwa na macho aliona: tulikuwa tumepangwa sambamba, bega kwa bega, na mkiani kwao mtu mmoja alikuwa amezidi, amesimama peke yake bila mwenzake upande wetu.

Afisa alipoinua mkono kumgusa mkwe mwenzangu wa lori, hakukuta bega. Jamaa alikuwa ametoka. Hakukimbia. Alivua kofia, akaanza kutembea. Njia fupi ya kuja kwetu ilikuwa mbele ya mama mkwe, hatua kumi hivi. Hakuipita. Alizunguka nyuma kabisa ya ua, mahali ambapo hakuna mtu hupita kwa sababu ni miiba mitupu, akapotea humo. Tulimsikia kabla ya kumwona. Alitokea upande wetu suruali ikiwa imechanika toka paja hadi goti, damu kidogo kwenye mikono, akaja akasimama mwisho wa mlolongo, nyuma yangu, akipumua.

Wanaume wa upande wa pili walianza kulalamika, na walikuwa na haki. Mlolongo wetu ulikuwa umeshapitiwa na kufungwa. Afisa mwenyewe alisema hivyo: kura ya kule imepotea, na ya huku haiwezi kuongezwa. Kwa hesabu hiyo tulikuwa sawa kwa sawa, na sare katika kisima maana yake ni kurudia wiki ijayo, na wiki ijayo hakuna ajuaye nani atakuwa ameahidiwa nini.

Ni mzee wa ghorofa aliyekata shauri. Alimtazama yule dereva, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa mtu wake, akatazama suruali, akatikisa kichwa.

“Muongeze,” alimwambia afisa. “Mtu akipita kwa miiba namna hiyo, huyo amepiga kura.”

Afisa akauliza kama kuna anayepinga. Mgombea mwenyewe akiwa amesema, nani angepinga. Akamgusa mkwe mwenzangu bega, akaandika, na mama mkwe akawa mwenyekiti kwa kichwa kimoja. Wanawake walipasua anga kwa vigelegele. Nilimkumbatia dereva wa lori, ambaye kwa muda mrefu nilikuwa nikimkwepa kwenye sherehe za familia, akaniambia kwa uchungu kwamba suruali ilikuwa mpya. Usiku huo, naambiwa, sukari ilirudi kwenye chai yake.

Hodhi halikufungwa. Mzee wa ghorofa naye alipata mabomba yake baadaye, kwa zamu, maji yakifunguliwa baada ya mifugo kutoka. Kazi ya kufungua na kufunga alipewa dereva wa lori. Jambo hilo mama mkwe aliliamua akiwa amegeukia ukutani, kwa kuwa mhusika alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba.

Jumapili iliyofuata alikuja kwetu kumwona bintiye. Nilitoka nikawaachia sebule, nikaweka kiti nje chini ya dirisha, kwenye kivuli, nijifanye nasoma gazeti. Walizungumza Kimaasai, ambacho nakielewa kuliko ninavyokisema. Mke wangu alikuwa bado na jambo moyoni. Alimuuliza mama yake kwa nini alisimama. Alimkumbusha kwamba hodhi lilikuwa mkononi mwake, kwamba bila yule mwendawazimu na miiba yake ng'ombe wangekuwa mtoni sasa hivi. Alikuwa karibu kulia aliposema hivyo. Mama yake alikunywa chai kwanza. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

“Mkwe ukimfukuza kwa faida yako mara moja,” alisema, “mara ya pili hatakimbia, atasimama. Na akisimama, mimi nitakuwa mama mkwe wa nani?”

Mimi nilikunja gazeti, nikainua kiti changu taratibu kisipige kelele, nikakisogeza mbali zaidi na dirisha.